Ngiri ya Paja Iliyojirudia: Mwongozo Kamili wa Kuiainisha Pamoja na Matatizo Yake

Kosa hili linajirudia kuliko ngiri yenyewe. Faili linasema mgonjwa ana ngiri ya paja, imenyongwa, na utumbo umekatwa. Anayeainisha anaona neno "imenyongwa" na kuweka msimbo wa gangrini, yaani tishu zilizokufa. Anaona mgonjwa alikuwa akitapika, anaongeza msimbo wa utumbo kuziba. Anaona kinena kina kovu la zamani, anaweka tarakimu ya kujirudia. Ametoa majibu matatu, na yote matatu yanaweza kuwa makosa.

Tatizo halisababishwi na uvivu. Maneno ya faili yanafanana, na kila moja linavuta kwenye msimbo wake. Dawa yake ni kuuliza maswali manne kwa mpangilio uleule kila mara: ngiri iko wapi, iko pande ngapi, imejirudia au la, na hali ya vilivyomo ndani yake ikoje. Ukiyajibu kwa ushahidi ulioandikwa, msimbo unajitokeza wenyewe.

Mwongozo huu ni kwa maofisa wa kumbukumbu za afya, wanafunzi wa utabibu na uuguzi, na yeyote anayelazimika kugeuza maelezo ya daktari kuwa istilahi sahihi. Hautibu mtu. Anayesoma kwa sababu ana uvimbe kwenye kinena unaouma, usiorudi ndani, huku akitapika, aache kusoma aende hospitali sasa hivi.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Usianze kabla hujavikusanya. Makosa mengi yanaanzia kwenye kusoma karatasi moja tu, kwa kawaida ile ya kumruhusu mgonjwa.

- Toleo la ICD-10, mfumo wa kimataifa wa misimbo ya magonjwa, linalotumika kazini kwako. Toleo la Shirika la Afya Duniani na lile la Marekani, ICD-10-CM, hayalingani kwenye jambo la kujirudia.
- Ripoti ya upasuaji wa sasa, yote, wala si kichwa chake tu.
- Ripoti ya upasuaji wa zamani, au angalau barua ya rufaa inayosema ni ngiri gani ilirekebishwa na upande gani.
- Ripoti ya patholojia, kama kuna kitu kilikatwa.
- Maelezo ya siku mgonjwa alipopokelewa, pamoja na majibu ya ultrasaundi au picha ya CT.
- Karatasi tupu ya kuandikia maswali ya kumrudishia daktari. Itatumika kuliko unavyodhani.

## Maneno utakayokutana nayo

Mafaili yanachanganya Kiswahili, Kiingereza na mashina ya Kilatini. Shika shina, maana ndilo lisilobadilika.

Femoralis ni ya paja, na inguinalis ni ya kinena. Recidiva ni iliyojirudia.

Reponibilis ni ngiri inayorudi ndani, yenyewe au kwa kusukumwa kwa mkono. Irreponibilis ni isiyorudi.

Incarcerata ni iliyonasa: vilivyomo vimekwama ndani ya mfuko wa ngiri. Damu inaweza kuwa bado inapita vizuri.

Strangulata ni iliyonyongwa: shingo ya mfuko imebana mpaka damu inashindwa kupita. Tishu ziko hatarini, lakini si lazima ziwe zimekufa.

Gangraenosa ni yenye gangrini: tishu zimekufa. Hapa hakuna kurudi nyuma.

Yasome hayo matatu ya mwisho kama ngazi. Kunasa, kunyongwa, kufa. Anayeruka kidato kimoja anamwandikia mgonjwa ugonjwa ambao hakuwa nao.

Tahadhari ndogo kuhusu Kiswahili chetu wenyewe: neno "mshipa" katika maelezo ya mgonjwa halitoshi kuwa ushahidi. Watu wanalitumia kwa ngiri, kwa busha na kwa maumivu ya kawaida ya kinena. Andika alichosema mgonjwa, lakini uainishe kwa alichokiona daktari.

## Hatua ya 1: Chagua toleo kabla ya kufungua faili

Katika toleo la Shirika la Afya Duniani, ngiri ya paja ni K41, na msimbo unaishia kwenye tarakimu moja baada ya nukta. Ngiri iliyojirudia imejumuishwa ndani ya kundi zima la K40 hadi K46, kwa hiyo hakuna tarakimu ya pekee ya kuionyesha. Ukitumia toleo hili, kujirudia kunaonekana kwenye sentensi ya utambuzi tu, usipoandika kumepotea.

Katika ICD-10-CM kuna tarakimu moja zaidi. Inaishia na 0 ikiwa haikutajwa kwamba imejirudia, na 1 ikiwa imejirudia.

Onyo: usichukue msimbo wa tarakimu mbili baada ya nukta kutoka kitabu cha mwenzako na kuupeleka kwenye mfumo wa toleo la kimataifa. Wala usifanye kinyume chake, kwa sababu ICD-10-CM inaukataa msimbo mfupi na kuuona haujakamilika.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kusema, kabla ya kusoma lolote kuhusu mgonjwa, msimbo wako utakuwa na tarakimu ngapi.

## Hatua ya 2: Thibitisha kwamba ni ngiri ya paja

Ngiri ya paja inapita kwenye mfereji wa paja, njia nyembamba iliyo chini ya kano ya kinena, upande wa ndani wa vena ya paja. Ngiri ya kinena inatokea juu ya kano hiyo. Kwa uchunguzi wa mkono, alama inayotumika ni kinundu cha mfupa wa kinena: shingo ya ngiri ya paja iko chini yake na kuelekea nje, ya ngiri ya kinena iko juu yake na kuelekea ndani.

Alama hiyo ni nzuri kwa kinena ambacho hakijawahi kuguswa na kisu. Kwa ngiri iliyojirudia inadanganya, kwa kuwa kovu, nyuzi na wavu wa upasuaji vimebadilisha umbo la eneo. Ngiri kubwa ya paja pia hupinda kuelekea juu ikafunika kano, na mkono ukaiona kama ya kinena. Kwa hiyo, ushahidi wa juu kabisa ni macho ya daktari wa upasuaji, kisha picha ya CT, kisha ultrasaundi, na mwisho uchunguzi wa mkono.

Tafuta sentensi kama hizi ndani ya ripoti: "mfuko umepatikana kwenye mfereji wa paja", "shingo iko upande wa ndani wa vena ya paja", "kano ya Gimbernat imekatwa ili kulegeza shingo". Moja tu inatosha.

Maelezo ya kulazwa yakisema kinena na ripoti ya upasuaji ikasema paja, fuata ripoti ya upasuaji. Zikigongana ripoti mbili za upasuaji wa siku hiyohiyo, uliza.

Kuta za mfereji huu zinaeleza kwa nini ngiri ya paja ina haraka ya kuharibika. Mbele kuna kano ya kinena, upande wa ndani kuna ukingo mkali wa kano ya Gimbernat, nyuma kuna kano ya Cooper iliyolala juu ya mfupa. Kuta tatu hazitanuki. Ya nne ni vena, ambayo ni laini, lakini nafasi yake ni ndogo. Kinachoingia humo kinabanwa upesi, na ndiyo sababu maswali ya hatua ya 5 ni mazito kwa ngiri hii kuliko kwa ngiri nyingi nyingine.

Umefanikiwa ukiwa umenakili sentensi moja ya ripoti inayotaja mahali, na msimbo wako umeshaanza na K41.

## Hatua ya 3: Hesabu pande

Swali hapa ni upande mmoja au pande mbili. K41 haina nafasi ya kusema kulia wala kushoto. Upande utauandika kwenye sentensi ya utambuzi.

Faili lisipotaja chochote, ngiri inahesabiwa kuwa ya upande mmoja.

Onyo: "pande mbili" maana yake ni ngiri ya paja kulia na ngiri ya paja kushoto, zote zipo sasa. Ngiri ya paja kulia na ya kinena kushoto ni magonjwa mawili yenye misimbo miwili, K41 na K40. Na ngiri ya kushoto iliyorekebishwa zamani, ambayo haijarudi, haihesabiwi.

## Hatua ya 4: Je, imejirudia kweli?

Tutakaa hapa, maana hapa ndipo mafaili mengi yanapoharibikia.

Ngiri iliyojirudia ni ngiri ya aina ileile, mahali palepale, upande uleule, iliyokwisha kurekebishwa kwa upasuaji. Masharti yote manne lazima yatimie. Likikosekana moja, una kitu kingine mkononi.

Yapime hivi:

*Ilirekebishwa?* Ngiri iliyokuwa ikitoka na kurudi kwa miaka 10 bila upasuaji haijajirudia. Imedumu. Wagonjwa husema "imenirudia" wakimaanisha uvimbe umetokeza tena baada ya kulala, na mwandishi wa maelezo akiandika maneno hayo yalivyo, msomaji wa haraka anayachukua kama utambuzi.

*Upande uleule?* Aliyerekebishwa kulia, na sasa ana ngiri kushoto, ana ngiri mpya.

*Aina ileile?* Hapa pana mtego mkubwa. Mgonjwa alifanyiwa ukarabati wa ngiri ya kinena, tuseme kwa njia ya Lichtenstein ambayo huweka wavu juu ya ukuta wa nyuma wa kinena. Wavu huo haufuniki mfereji wa paja. Baada ya muda anarudi na uvimbe upande uleule, na safari hii ni ngiri ya paja. Imejirudia?

Kwa mtazamo wa mgonjwa, ndiyo, kinena chake kimevimba tena. Kwa anayeainisha K41, ngiri ya paja yenyewe haijawahi kurekebishwa. Huenda ilikuwepo tangu mwanzo ikapitwa macho, huenda imejitokeza baadaye. Usiweke tarakimu ya kujirudia isipokuwa daktari ameandika wazi kwamba ni ngiri ya paja iliyojirudia. Historia ya ukarabati wa kinena iandike kwenye maelezo, na kama maneno ya daktari yanatatanisha, mrudishie swali.

Nasisitiza swali hilo kwa sababu kuna mfumo mwingine wa madaktari, nitakaoueleza kwenye hatua ya 8, ambao huweka herufi R kwa kinena chochote kilichorudiwa. Herufi hiyo na tarakimu ya kujirudia havilingani siku zote.

*Ni ngiri, au ni kitu kinachofanana nayo?* Wiki chache baada ya ukarabati, maji yanaweza kujikusanya pale mfuko ulipokuwa, au damu ikaganda, na uvimbe ukaonekana kama ngiri imerudi. Hayo ni matatizo ya upasuaji. Uvimbe wa tezi ya limfu na kutanuka kwa vena ya safena karibu na inapoingia kwenye vena ya paja vinaweza pia kudanganya. Usiamini neno "imejirudia" lililoandikwa kabla ya picha au kabla ya upasuaji, kama ripoti ya baadaye inalikanusha.

Kwa ngiri za pande mbili ambapo upande mmoja tu ndio uliojirudia, msimbo mmoja hauwezi kubeba tofauti hiyo. Sentensi yako lazima iseme upande gani umejirudia na upi ni mpya.

Umefanikiwa ukiwa unaweza kutaja tarehe au angalau mwaka wa ukarabati wa kwanza, aina ya ngiri iliyorekebishwa na upande wake. Ukikosa hata kimoja, na daktari hakuandika wazi kwamba ngiri ya paja imejirudia, jibu la kweli ni "haikutajwa kuwa imejirudia", nalo ni jibu halali. Kinachokatazwa ni kukisia.

## Hatua ya 5: Soma hali ya vilivyomo

Uliza maswali kuanzia la juu. Ukipata "ndiyo", simama hapohapo.

Swali la kwanza: kuna gangrini? Tafuta neno lenyewe, au maelezo ya daktari kwamba tishu zimekufa. Utumbo mweusi usiorudi rangi baada ya kuachiwa, usio na mawimbi ya kusukuma chakula, ukathibitishwa na daktari kuwa umekufa, unaingia hapa. Ngiri yenye gangrini na kuziba kwa pamoja inaainishwa kwenye gangrini. Kanuni hiyo imeandikwa mwanzoni mwa kundi la K40 hadi K46, si ya kubuni.

Swali la pili: kuna kuziba, kunasa au kunyongwa? Kama hakuna gangrini, maneno haya manne yote yanaangukia kapu moja: ngiri inayosababisha kuziba, iliyonasa, isiyorudi na iliyonyongwa. Kitabu kinayaweka pamoja chini ya "yenye kuziba, bila gangrini".

Jambo hilo huwashangaza wanafunzi, na nawaelewa. Ngiri iliyonasa yenye kipande cha omenta tu (utando wa mafuta unaofunika utumbo) haizibi utumbo wowote. Lakini kwa uainishaji, neno "kuziba" hapa limepanuliwa likameza kunasa. Usipambane na kitabu. Tofauti ya kitabibu iweke kwenye sentensi.

Swali la tatu halipo. Kilichobaki ni "bila kuziba wala gangrini".

Sasa mitego mitatu.

*Utumbo ulikatwa.* Kukatwa hakuthibitishi gangrini. Daktari anaweza kukata kwa sababu utumbo ulitoboka wakati wa kuutenganisha na kovu, au alikuta uvimbe mwingine. Soma sababu. Ripoti ya patholojia ikisema tishu zimekufa lakini ripoti ya upasuaji ikanyamaza, usijichukulie uamuzi, mpelekee daktari aandike.

*Utumbo ulibadilika rangi kisha ukarudi.* Ripoti nyingi husema utumbo ulikuwa wa zambarau, ukafunikwa vitambaa vya uvuguvugu, ukarejea rangi yake. Hiyo ni kunyongwa bila gangrini. Aliyesoma nusu ya kwanza ya aya hiyo peke yake amekosea ugonjwa.

*Mgonjwa hakutapika, tumbo halikujaa, alipata choo.* Usiseme basi hakuna hatari. Katika ngiri ya Richter, sehemu tu ya mzingo wa ukuta wa utumbo ndiyo iliyonaswa. Chakula kinapita kandokando, lakini kipande kilichonaswa kinaweza kufa kimyakimya. Shingo nyembamba ya mfereji wa paja inaipa nafasi aina hii. Ukikuta jina Richter, endelea kusoma mpaka uone hali ya ukuta huo.

Majina mengine ya watu yatakukabili hapa. Ngiri ya De Garengeot ni ngiri ya paja yenye kidole tumbo ndani yake. Ya Amyand ina kidole tumbo pia, lakini ni ya kinena, kwa hiyo si ya mwongozo huu. Majina haya yanaeleza kilichomo, hayajibu swali lolote kati ya yale manne.

Na ngiri iliyofika imenasa, kisha ikarudi ndani mgonjwa alipopewa nusukaputi? Iliyofika ndiyo iliyomlaza mgonjwa. Kama daktari ameandika ilikuwa imenasa, inabaki kuwa imenasa kwa kipindi hicho cha matibabu.

Umefanikiwa ukiwa na neno moja tu la hali: gangrini, kuziba, au bila. Kama una mawili, rudi swali la kwanza.

## Hatua ya 6: Unganisha msimbo

Tarakimu ya kwanza baada ya nukta inabeba pande na hali kwa pamoja:

- K41.0: pande mbili, yenye kuziba, bila gangrini
- K41.1: pande mbili, yenye gangrini
- K41.2: pande mbili, bila kuziba wala gangrini
- K41.3: upande mmoja, yenye kuziba, bila gangrini
- K41.4: upande mmoja, yenye gangrini
- K41.9: upande mmoja, bila kuziba wala gangrini

Kwa toleo la kimataifa umemaliza. Kwa ICD-10-CM ongeza 0 au 1 kulingana na hatua ya 4. Hivyo ngiri ya paja ya upande mmoja, iliyojirudia, iliyonyongwa bila gangrini ni K41.31, na ileile ikiwa na gangrini ni K41.41.

Angalia kwamba orodha inaruka kutoka .4 hadi .9. Watu huandika K41.5 kwa mazoea ya kuhesabu. Haipo.

## Hatua ya 7: Matatizo mengine, ya kuongeza na ya kuacha

Acha K56. Kundi la utumbo kuziba linakataza waziwazi kuziba kunakotokana na ngiri, kwa kuwa tayari kumo ndani ya K41. Kuongeza ni kuhesabu tatizo moja mara mbili. Itatumika tu kama daktari ameeleza kuziba kwenye chanzo kingine kisichohusiana na ngiri hiyo.

Ongeza kama vimeandikwa: kutoboka kwa utumbo (K63.1), peritonitisi, yaani uvimbe wa utando wa ndani ya tumbo (kundi la K65), na sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi. Haya ni hatua zinazofuata gangrini, na K41.4 peke yake haizisemi. Mgonjwa mwenye kipande kidogo kilichokufa na mgonjwa mwenye usaha tumbo zima wasifanane kwenye kumbukumbu.

Tenganisha matatizo ya ukarabati. Maambukizi au hitilafu ya wavu uliowekwa zamani yako kwenye kundi la T85. Maambukizi ya kidonda cha upasuaji yako T81.4. Wavu wenye maambukizi na ngiri iliyojirudia vinaweza kuwapo pamoja kwa mgonjwa mmoja, na hapo misimbo yote miwili inastahili. Lakini wavu wenye usaha peke yake si ngiri iliyojirudia.

Umefanikiwa ukiwa kila msimbo wa ziada una sentensi yake ya daktari, na hakuna unaorudia kilichosemwa na K41.

## Hatua ya 8: Soma alama za madaktari wa upasuaji bila kuchanganyikiwa

Pembeni ya ripoti huenda ukakuta "IVC" au "R F2". Hizi si misimbo ya ICD.

Katika mpangilio wa Nyhus, aina ya III C ni ngiri ya paja ya mara ya kwanza. Aina ya IV ni zilizojirudia, na IV C ni ya paja iliyojirudia. Mpangilio huu hausemi lolote kuhusu kunasa wala gangrini.

Mpangilio wa Jumuiya ya Ngiri ya Ulaya, uliochapishwa mwaka 2007, unatumia P kwa ya kwanza na R kwa iliyojirudia, kisha L, M au F kwa mahali, F ikiwa ya paja. Namba inapima tundu kwa vidole: 1 ni hadi kidole kimoja, 2 ni viwili, 3 ni zaidi ya hapo. Herufi x maana yake eneo halikuchunguzwa, na 0 maana yake lilichunguzwa, ngiri haikuonekana. Usizichanganye hizo mbili.

R hapa huelezea kinena kilichorudiwa. Mtu aliyerekebishwa ngiri ya kinena anaweza kuandikiwa R F1, nawe ukabaki na tarakimu 0 mpaka daktari afafanue. Ndiyo maana alama hizi nazichukua kama ishara ya mahali pa kutafuta, si kama jibu.

## Hatua ya 9: Andika sentensi ya utambuzi

Msimbo unabana habari nyingi, sentensi inazirudisha. Fuata mpangilio huu: aina, upande, kujirudia na ukarabati wa zamani, hali, kilichomo, matatizo ya ziada.

Sentensi dhaifu: "Ngiri iliyonyongwa, imejirudia."

Sentensi inayojitosheleza: "Ngiri ya paja ya kulia, iliyojirudia baada ya ukarabati wa ngiri ya paja upande uleule bila wavu, iliyonyongwa, yenye kitanzi cha utumbo mwembamba ulio hai, bila gangrini wala kutoboka."

Mwisho wa sentensi una "bila" mbili. Usizione za ziada. Zinamwambia msomaji wa kesho kwamba uliuliza.

## Mazoezi matatu, na majibu yake

Yote ni ya kubuni kwa ajili ya kujifunzia, na majibu ni ya ICD-10-CM.

Faili la kwanza. Mwanamke wa miaka 71, uvimbe chini ya kinena cha kulia kwa siku mbili, anatapika. Miaka minne nyuma alirekebishwa ngiri ya paja upande huo. Ripoti: kitanzi cha utumbo mwembamba cha zambarau ndani ya mfereji wa paja. Baada ya kulegezwa, rangi imerudi na mawimbi yanaonekana.

Mahali ni paja. Upande ni mmoja. Masharti manne ya kujirudia yametimia. Gangrini hakuna, kunyongwa kupo. Jibu ni K41.31. Kutapika na kuziba viko ndani yake.

Faili la pili. Mwanamume wa miaka 58, uvimbe wa kulia unaorudi ndani kwa kusukumwa. Alifanyiwa ukarabati wa Lichtenstein kwa ngiri ya kinena ya kulia. Ripoti: wavu wa zamani uko sawa, ngiri ndogo ya paja imeonekana chini yake. Pembeni pameandikwa R F1.

Daktari hakuandika popote "ngiri ya paja iliyojirudia". Jibu la sasa ni K41.90, na swali linarudi kwake: je, hii ni ngiri ya paja iliyowahi kurekebishwa? Hapa ndipo wengi hukimbilia K41.91 kwa sababu ya ile R.

Faili la tatu. Mwanamke wa miaka 80, maumivu ya kinena cha kushoto kwa siku nne, anapata choo. Alirekebishwa ngiri ya paja ya kushoto mara mbili. Ripoti: ngiri ya Richter kwenye mfereji wa paja wa kushoto, sehemu ya ukuta wa utumbo mwembamba ina gangrini na imetoboka, usaha umeenea tumboni, utumbo umekatwa na kuunganishwa.

Gangrini ipo, kwa hiyo unasimama kwenye swali la kwanza hata kama utumbo haukuziba. Jibu ni K41.41, pamoja na K63.1 kwa kutoboka na msimbo wa K65 kwa peritonitisi. Ukarabati wa mara mbili hauna tarakimu yake, kwa hiyo uandike kwenye sentensi kwa maneno kamili: "iliyojirudia kwa mara ya pili".